Ndiyo, Madam

Nilipochagua saikolojia ya mahakama katika masomo yangu ya udaktari wa akili, mama alicheka: "Wendawazimu hawakutoshi, unataka na wahalifu?" Tuliishi Deira, Dubai, tangu sijazaliwa, na nyumbani hatukuzungumza ila Kiunguja. Ndiyo maana mzungu aliyenisimamia mafunzoni alinichukua kila alipoitwa kumpima mahabusu wa Kiswahili.

Siku moja tuliitiwa mwanamke, mtumishi wa ndani kutoka bara, makamo ya mama yangu. Alikuwa amechoma mapazia ya madam wake. Sisi tulitakiwa kuieleza mahakama: ni mgonjwa, apelekwe hospitali, au ni mzima, aende jela. Kwangu jibu lilikuwa wazi tangu alipoketi. Alijisogeza pembeni mwa benchi, akapapasa nafasi tupu iliyobaki, akainong'oneza, "Kaa, mwanangu." Mtoto wake alikuwa amefia kwao, naye hakupewa ruhusa ya kwenda kuzika.

Msimamizi akataka kipimo. Kilikuwa na maswali ya mtego, dalili ambazo hakuna mgonjwa aliye nazo, ili kumnasa anayejifanya. Nikamfasiria.

"Unaumwa kichwa siku za Ijumaa tu?"

"Ndiyo, madam."

"Meno yako huwa yanakusahau?"

"Ndiyo, madam."

Yote ndiyo, macho chini, mikono magotini. Kwao mtu hambishii mwenye kalamu, na miaka ya kutumwa majumbani ilikuwa imemshindilia adabu hiyo hadi kwenye mifupa.

"Anaigiza," msimamizi akasema.

"Sir, hiyo ni heshima tu. Hata ukimwuliza kama yeye ni ndoo, atakubali."

"Kipimo hakijui heshima."

Akatia sahihi. Nilibishana naye, nikaambiwa nijifunze kutenganisha huruma na kazi. Nilimchukia. Niliichukia na elimu yenyewe, niliyoihangaikia miaka yote ile, kwa kuwa haikunipa hata neno moja la kumwokoa mtu.

Nikatumwa nimpe matokeo.

"Mama, wamesema wewe ni mzima, unajifanya. Utapelekwa jela. Umenifahamu?"

Nilimwomba Mungu mwanamke yule aseme hapana, mara moja tu. Hata anitukane.

"Ndiyo, madam."

Kisha akaigeukia ile nafasi tupu kando yake. "Mwamkie madam," akasema, akanitazama, akingoja.

"Marahaba," nikaitikia.