Saini ya Jumanne

Kazini tulimwita Profesa. Chuoni, kwa maneno yake mwenyewe, walimwita Dobi. Kila alipokwenda aliitwa kwa jina la kule alikotoka, na ukitaka kujua mwaka wake ule ulikuwaje, anzia hapo.

Mimi ni mpiga pasi wa duka la udobi alikofanya kazi, huu mwaka wa kumi na tisa, na sina tabia ya kuwaonea huruma wanafunzi. Wanakuja, wanaunguza kola mbili tatu, wanaondoka. Huyu alidumu. Alikuwa binti, kifungua mimba wa fundi bomba. Baba alilipa ada; chakula na chumba akajitafutia mwenyewe. Alikaa kaunta: kupokea nguo, kupekua mifuko, kushona kitambaa cha namba kwenye pindo. Alikuwa na zamu nne za asubuhi kwa wiki, na Jumanne haikukosa, kwa kuwa ndiyo siku hoteli mbili huleta mashuka.

Jumanne hiyohiyo, saa mbili hadi saa nne, chuoni kulikuwa na kipindi cha takwimu. Mshika mbili moja humponyoka, nilimwambia. Akanijibu, "Mjomba, aliyesema hivyo alikuwa ameshiba."

Msimdhanie mvivu. Alinakili madaftari ya wenzake, akapiga hesabu nyuma ya vitambulisho vya nguo. Mimi niliyeishia darasa la saba alinifundisha wastani kwa mashati: napiga pasi mangapi kwa saa nikiwa nimekunywa chai, na mangapi nikiwa sijanywa. Nilielewa, na nikapata sababu ya kudai chai. Lakini wenzake walikutana kujadili saa ambazo yeye alikuwa anashona namba. Swali likimjia Jumanne, alipoonana na mwalimu lilikuwa limeshapoa. Siku alizofika darasani alikaa nyuma kabisa, akasinzia. Alisoma peke yake, kama mtu anayekula kiporo kila siku.

Chuo kilikuwa na sharti. Karatasi ya mahudhurio huzungushwa kuanzia kwa aliyefika kwanza, kila mtu anaandika jina lake na kusaini. Asiyefikisha vipindi kumi kati ya kumi na vinne hafanyi mtihani, anarudia somo mwaka unaofuata. Mara saba nilimshikia kaunta akaenda, pasi zangu zikapoa na mama mwenye duka akaninunia. Siku nyingine rafiki yake wa chumba kimoja alimsainia. Kufikia kipindi cha mwisho alikuwa na saini kumi na moja, saba za mkono wake.

Jumanne hiyo ya mwisho, saa nne na nusu, aliingia bwana mwenye koti lenye doa la wino. Profesa alimwamkia, akaitikia huku anatazama simu, akachukua risiti, akatoka. Ndipo binti akaniambia kwamba yule ndiye mwalimu wa takwimu. Mwalimu hakuwa amemtambua.

Akapekua mifuko. Ndani ya koti kulikuwa na karatasi ya mahudhurio ya asubuhi ile, na kwenye mstari wa jina la binti alikuwepo, amesaini, kwa mkono wa rafiki yake.

Nilimpa ushauri wangu wa kihuni. Karatasi ikiingia mashineni inakuwa uji, na maji hayatoi ushahidi. Aliishika muda mrefu. Mimi, niseme ukweli, nilimwombea aitumbukize.

"Humu mna watu arobaini na wawili, mjomba," akasema. "Wengine walikwenda kweli."

Duka letu lina desturi yake. Tangu mteja mmoja atuzushie wizi wa pete, kilichokutwa mfukoni hutiwa kwenye bahasha, na aliyekikuta huandika jina lake juu na kusaini. Profesa alifanya hivyo mara tano kwa siku. Aliikunja karatasi, akaitia, akaandika, akasaini, akaenda kupokea mashuka. Mkono ulikuwa umezoea, na hakuna kati yetu aliyefikiri zaidi.

Alhamisi mwalimu alirudi. Alilisifu koti, akapokea bahasha, akaichana ubavuni. Akailaza karatasi juu ya kaunta, akaiweka bahasha pembeni yake.

"Jina hili ni lako?"

"Langu, mwalimu."

"Na hii saini ya kwenye bahasha?"

"Yangu."

Kidole kikahamia kwenye karatasi. "Na hii?"

Nilizima pasi. Profesa alitazama mlangoni, akarudisha macho.

"Hiyo si yangu. Jumanne nilikuwa hapa. Koti lako nililipokea mimi."

Akamuuliza nani alimsainia. Binti akaomba asiulizwe hilo. Nilidhani mwalimu atafoka, ila alionekana kama mtu aliyefumaniwa yeye.

"Nimekufundisha muhula mzima," akasema, "nikakukabidhi koti mkononi, na sikukujua. Hilo ni kosa langu. Hili ni lako."

Akachomoa kalamu, akafuta mstari. Baadaye alizipitia na karatasi za nyuma, zikabaki saini saba, pungufu ya zile kumi.

Wenzake wakafanya mtihani, yule rafiki akiwemo, naye Profesa siku hiyo alishona namba kwenye mashuka. Alilia katika chumba cha mvuke, tukamwacha. Mama mwenye duka, ambaye sijawahi kumsikia akisifu mtu, alikuja akasema kwamba mashuka hayana cheti cha kumpa mtu. Kuanzia muhula mpya Jumanne ingekuwa yangu kaunta, na pasi ziningoje hadi mchana. Nilinung'unika kidogo, kwa heshima ya nafasi yangu.

Mwaka uliofuata, Jumanne ya kwanza ya masomo, mwalimu aliingia tena saa nne na nusu na koti lilelile. Wasomi nao ndivyo walivyo, hajajifunza kupekua mifuko yake. Nikapekua mimi. Karatasi ilikuwemo.

Sikupaswa kuisoma, nikaisoma. Mstari wa kwanza kabisa, mstari wa aliyefika kabla ya wote, ulikuwa na saini ninayoijua; nimeiona juu ya bahasha nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliikunja taratibu, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina langu na kusaini.