Aliyebaki Chini ya Rangi

Kama umekuja kutafuta hadithi ya kukubembeleza usingizi, nenda kwa wengine. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la saa saba likiichoma Kisumu nzima, na sikuwa nimeonja hata tone la chang'aa. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Ukisema ulimwona marehemu, swali lao la kwanza ni ulikuwa umekunywa nini. Nilikuwa nimekunywa uji. Umeridhika? Basi sikiliza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa sakafu na rangi, nikiishi Kaloleni na mke wangu katika chumba kimoja. Si kujisifu, lakini saruji naijua. Wenzangu walikuwa wanapaka rangi juu ya uchafu, mwezi ukiisha inabanduka, halafu wanalaumu kiwanda. Mimi kwanza nilikuwa naosha. Sakafu yangu ungeweza kulia ugali juu yake.

Jumatatu moja niliitwa na Bwana Ogutu, mwenye gereji upande wa Mamboleo. Nilikuta gereji imefungwa na makanika wote wamepewa likizo ya wiki. Nikashangaa, maana ule ulikuwa msimu wa malori. Bwana Ogutu akanionyesha doa jeusi katikati ya sakafu, upana wake kama mkeka wa mtu mmoja.

"Mafuta ya giaboksi," akasema. "Litoe lote. Halafu piga sakafu yote rangi ya kijivu, mara mbili. Alhamisi saa sita iwe tayari."

"Bwana, saruji ikioshwa lazima ikauke kwanza. Siku nne hazitoshi."

"Zitatosha. Ukiniwezea hii, kile kituo cha petroli ninachojenga ni chako. Sakafu zote, kuta zote."

Unajua maana ya maneno hayo kwa kibarua? Ni mwaka mzima bila kusimama kando ya barabara na brashi mkononi ukingoja kuitwa. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Nikamwaga unga wa mbao juu ya doa ili unyonye mafuta, kisha nikakaa mlangoni nile muhogo wangu. Nilipoinua macho, kulikuwa na mtu ameketi juu ya tairi kuukuu kule ndani. Kijana wa miaka thelathini hivi, ovaroli ya buluu, mkono mmoja umechanika, anajisugua sikio kwa kidole gumba. Joto lile, yawa, hata mijusi walikuwa wamejificha, na yeye uso wake mkavu kabisa. Sasa niulize alipitia wapi. Mlango ulikuwa mmoja, na mlangoni nilikuwa nimekaa mimi. Lakini wakati ule sikujiuliza. Nilidhani ni makanika amerudi kuchukua spana zake.

"Omera, ndugu yangu," akaniita, "unasafisha nini hapo?"

"Giaboksi ya tajiri wako."

Akatazama doa. "Usilitoe kabla ya Alhamisi," akasema. "Mama anakuja kunichukua."

Nikacheka. "Mwanaume mzima na ndevu zako, unachukuliwa na mama kama mtoto wa nasari?"

Hakucheka. "Peke yangu siwezi kutoka," akasema. Nikainama kuokota muhogo wangu, na nilipoinuka tairi lilikuwa tupu.

Jumanne nikazoa ule unga wa mbao. Nikachemsha maji, nikatia magadi, nikapiga magoti na brashi ya waya. Sasa hapa nikwambie jambo la kazi. Mafuta ya gari yakikutana na maji hung'aa, hutoa rangi rangi. Haya hayakung'aa. Maji yalitoka mekundu kama kutu, na harufu yake haikuwa ya gereji. Mimi nimechinja ng'ombe. Niliijua ile harufu, nikatupa brashi, nikaenda kumtafuta Bwana Ogutu ofisini mwake.

Hakuona haya hata kidogo. Akaniambia ile ni damu ya makanika wake, jina lake Okelo, mtu wa Uyoma kule ziwani. Alikuwa chini ya lori, jeki ikateleza. Jeki ilikuwa mbovu tangu zamani, hilo hakulisema yeye, nililisikia baadaye. Maiti ilikuwa imeshapelekwa nyumbani na kuzikwa.

"Sasa tatizo ni mama yake," akasema. "Anakuja Alhamisi. Wewe ni mtu wa ziwa, unayajua mambo yao."

Niliyajua. Kwao Okelo, mtu akifa kwa ajali ugenini, unazika mwili, lakini yeye mwenyewe hubaki amesimama pale pale alipoangukia. Hajui njia. Lazima mama au dada aje, akwangue vumbi la mahali penyewe, si hatua moja pembeni, alifunge katika kitambaa, amwite kwa jina waondoke. Na tangu hapo mama haongei na mtu wala hageuki nyuma, aitwe na yeyote, mpaka alifukie lile vumbi kaburini. Akigeuka, mtu wake anarudi.

"Sitaki kilio ndani ya gereji yangu," akasema Bwana Ogutu. "Wateja wataambiana. Akifika, mwonyeshe kule nje, kando ya mapipa. Mwambie lori lilikuwa pale. Mimi hataniamini. Wewe ni fundi wa rangi tu, huna sababu ya kumdanganya."

Ningeweza kuokota ndoo zangu nikaenda zangu. Haki ya Mungu, niliwaza. Nilimwaza pia yule kijana wa kwenye tairi, nikajiambia labda ni ndugu wa marehemu. Ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa na kituo cha petroli kichwani. Nikarudi ndani. Nikachanganya asidi na maji, nikamwaga, saruji ikatoka povu, nikasugua mpaka vidole vikapasuka. Doa likatoka. Nakwambia lilitoka lote, sakafu ikawa nyeupe kama majivu. Na kusema kweli niliona fahari, mjinga mimi.

Jumatano nikapiga rangi ya kwanza, niliyoiongeza tapentaini ili ishike. Alhamisi asubuhi nikaanza ya pili. Sakafu unaanza kuipaka kwenye ukuta wa ndani, unarudi nyuma nyuma kuelekea mlangoni ili usijifungie. Saa sita hivi nilikuwa nimebakisha upande wa kizingiti, na rangi yote mbele yangu ilikuwa mbichi, inang'aa, haina hata alama ya unywele.

Ndipo nikasikia mtu akibisha hodi nyuma yangu. Mama mmoja mwembamba, peku, ana kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi na kijisu kidogo. Bwana Ogutu alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi, anatuangalia.

"Mwanangu," akaniambia kwa Kijaluo, "mimi ni mama yake Okelo. Nionyeshe mahali."

Alipokuwa akingoja jibu akajisugua sikio kwa kidole gumba.

Nikageuza uso ndani. Alikuwepo. Amesimama katikati ya sakafu, juu ya rangi mbichi, na rangi haikuwa na alama ya mguu popote. Ovaroli ile ile, mkono ule ule uliochanika. Alikuwa akimtazama mama yake kama mtoto anayesubiri wa kwao mlangoni pa shule, na akaanza kuita. "Mama! Niko hapa! Mama, ni hapa!" Alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mama hakusikia kitu. Nilisikia mimi.

Sasa nitakwambia kitu ambacho mke wangu alikufa bila kukijua. Watu wangefikiri niliogopa mzimu, au nilimwogopa Bwana Ogutu. Hapana. Niliitazama rangi yangu. Nikaona mama huyu akiikanyaga kwa miguu yake yenye vumbi, akipiga magoti katikati, akiikwangua kwa kisu. Kazi ya siku nne! Hilo ndilo lililopita kichwani mwangu, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, ukaelekea nje.

"Pale, Mama," nikasema. "Kando ya mapipa."

"Mungu akubariki," akasema.

Akaenda. Akapiga magoti penye mapipa, mahali ambapo hapajawahi kutokea kitu isipokuwa makanika kukojoa. Akakwangua udongo kwa utaratibu, kidogo kidogo, akaufunga kwenye kile kitambaa cheupe, akakibeba kifuani kwa mikono miwili. "Okelo, mwanangu, inuka twende nyumbani," akasema. Kisha akashika njia.

Yule wa ndani alikuwa amenyamaza. Alikuja mpaka ukingoni mwa rangi, akasimama, kizingiti hakuvuka. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Fundi," akaniuliza, "Mama ameenda na nani?"

Nilitupa brashi nikakimbia. Nilimpata karibu na njia panda ya Mamboleo, anatembea katikati ya wauza ndizi. Nikapiga kelele nyuma yake, "Mama! Simama! Nilikudanganya! Si pale, Mama, Okelo yumo ndani, amebaki!" Hakugeuka. Nikalia, watu wananitazama, "Mama, si yeye uliyembeba!" Alikaza kile kitambaa kifuani akaongeza mwendo. Nikamzunguka nikasimama mbele yake, na yeye akafumba macho. Alifumba macho, akanipita huku anapapasa kwa miguu kama kipofu! Basi lilikuwa pale. Nauli alikuwa ameifunga kwenye ncha ya leso ili asisemeshwe, akamkabidhi kondakta bila neno, akapanda. Mimi nikabaki pale na mikono yangu ya kijivu.

Jumamosi doa likarudi. Lilipenya rangi zote mbili, pale pale, kwa ukubwa ule ule. Bwana Ogutu akaniita fundi wa maneno matupu na akanifukuza. Kituo cha petroli kilipakwa na mtu mwingine.

Nilikaa miezi mitatu bila usingizi, kisha nikafunga safari ya Uyoma kumweleza yule mama. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote njiani. Aliponiona aliachia kibuyu, akanikumbatia mbele ya watoto wa jirani.

"Huyu ndiye aliyenionyesha mtoto wangu!" akawaambia. Akanipeleka kaburini, akanionyesha alipolifukia vumbi lake, pamefagiwa, pana kopo la maua. Akanipikia ngege mzima. "Tangu siku ile nalala," akasema. "Lakini sikia, mwanangu. Kule Mamboleo shetani alinifuata. Alilia nyuma yangu kwa sauti ya mtu, eti nimedanganywa, eti Okelo si huyu. Akaja mpaka mbele ya uso wangu! Nilifumba macho. Wazee walinionya kwamba atajaribu. Sikugeuka."

Alikuwa anajivunia kabisa. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilikula samaki. Nilimla mpaka kichwa, nikanawa mikono, nikashukuru, nikarudi Kisumu. Mwaka wa pili nikasikia amefariki. Okelo hakuwa na dada, wala mke. Hakuna mwingine wa kwenda kumchukua.

Ile gereji imebadilisha mikono mara nyingi. Sasa ni mashine ya kusaga unga. Kila mmiliki mpya hupiga rangi, na doa hurudi, halafu mtu huwaambia kuna mzee Kaloleni anayeijua ile sakafu. Ninakwenda. Ninawaambia wanifungulie mchana na waniache peke yangu. Nimejaribu kukwangua vumbi mimi mwenyewe na kumwita. Haisaidii, mimi si wa damu yake. Huwa ananitazama tu, kijana bado, na mimi mvi zimenijaa, na huniuliza kwa upole, "Omera, Mama bado hajarudi?"

"Bado," namwambia. "Atakuja Alhamisi."

Namdanganya hata yeye. Basi wewe unayenisikiliza, ucheke au usicheke, shauri yako. Lakini mama wa mtu akija siku moja na kitambaa chake, akakuuliza mtoto wake aliangukia wapi, mwonyeshe. Mwonyeshe pale pale, hata kama rangi yako haijakauka.