Pete ikibana, Mama Vidole hapati amani

Saa tatu na nusu asubuhi, Mama Vidole anazungusha uzi kwenye kidole cha mwanamke mjamzito, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia kwenye pete hadi kupita kiungo. Kidole kimepakwa sabuni ya kufulia. Anapenyeza ncha ya uzi chini ya pete, anavuta polepole. Pete inasogea kidogo, kisha inagoma.

"Vuta pumzi, mwanangu. Usinitazame mimi, tazama nje."

Mwanamke huyo, mwalimu wa chekechea mwenye mimba ya miezi saba na nusu, anatazama nje. Mlangoni amesimama mama mkwe wake, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu anayesubiri zamu yake kaunta. Ni mama mkwe aliyeileta pete hii kwenye familia, ya fedha, yenye akiki nyekundu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Na ni yeye aliyesema ipanuliwe leo, kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja.

Mara ya nne pete inatoka. Kidole kinabaki na mfereji mweupe.

Hapo fundi yeyote wa pete angeichukua fimbo ya kupimia, kile chuma chembamba chenye namba ubavuni, akaanza kazi. Mama Vidole haigusi. Anaweka dole gumba juu ya mgongo wa mkono wa mwalimu, anabonyeza, anahesabu hadi tano kimoyomoyo, anaachia.

Shimo linabaki.

"Kichwa kinakuuma?"

"Tangu juzi, mama. Nilidhani ni kelele za watoto."

"Na macho?"

"Nikisimama ghafla naona vimulimuli."

Mama Vidole anafungua daftari lake la vipimo vya vidole. Mwezi wa tatu wa mimba, kumi na nne. Wiki tatu zilizopita, kumi na sita, na siku hiyo alipobonyeza shimo halikubaki. Leo hahitaji kupima, lakini anakizungushia kidole uzi, anauvika kwenye fimbo, nayo inasema kumi na tisa. Analifunga daftari.

"Sipanui," anasema. "Nendeni hospitali. Si kesho. Sasa hivi."

*

Ana miaka hamsini na saba, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki, kipana kama kitanda cha watu wawili. Kuna dirisha moja, taa yenye shingo ndefu, na meza iliyoliwa na msumeno. Chini ya meza imetundikwa ngozi kuukuu inayopokea vumbi la fedha lisipotee. Ukutani kuna vikopo vya mawe, kila kimoja na kitambaa chake.

Jina la Mama Vidole alipewa na wateja, kwa utani uliokuja kuwa kweli. Sura za watu humtoka, ila vidole kamwe.

"Mtu akinisalimia njiani, mimi humtazama mkono kwanza," anasema akicheka. "Jirani yangu mmoja alininunia mwezi mzima. Alikuwa amevaa glavu, mimi ningemjuaje?"

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, mtu wa maneno matamu kuliko asali. Mjomba alimfundisha kulehemu, kusugua, kukalisha jiwe lisicheze. Halafu akamfundisha maneno, kwa sababu, alisema, pete bila maneno ni bati tu.

Ndiyo maana hadi leo ukimuuliza juu ya jiwe lolote, hakawii. Zumaridi hupumzisha macho. Lulu huondoa huzuni, na asili yake ni chaza aliyekerwa na kitu ndani ya gamba lake. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale sana, hushikwa na wenye baridi yabisi. Marijani hulinda watoto. Feruzi, jiwe la buluu, hugeuka kijani mwenye nayo anapokaribia kuugua.

"Hilo la feruzi nililiamini miaka mingi," anasema. "Kumbe feruzi hunywa jasho na mafuta. Ukijipaka mafuta kila siku itakuwa kijani, nawe mzima kama kigongo."

Amethisti, jiwe la zambarau, husifiwa kwa kuzuia ulevi. Mama mmoja alimnunulia mumewe pete yake, akaja wiki mbili baadaye kulalamika. Mume ameiuza pete, na fedha yote ameinywa.

Lakini kwa wajawazito jiwe ni moja tu, akiki. Huota taratibu ndani ya matundu ya mawe yaliyotemwa na volkano, na kwa kuwa ni jekundu, watu wakasema huamuru damu. Mwanamke aliyewahi kutokwa na damu nyingi akijifungua huvikwa akiki asubuhi na jioni, hata bafuni.

Na juu ya akiki mjomba alikuwa na neno lake moja, ambalo Mama Vidole alilirithi pamoja na misumeno. Pete ikibana, jiwe limekukubali.

Lilikuwa neno zuri la biashara. Mtu aliyeona pete inabana alirudi kuipanua akiwa na furaha, akalipa akiwa na furaha. Mama Vidole amelisema kwa miaka karibu thelathini. Limetoka humu chumbani, limepita masalunini na kwenye foleni za maji, hadi hakuna anayekumbuka lilikotoka.

*

Mwaka juzi alikuja msusi. Ilikuwa mimba yake ya pili, na Mama Vidole alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ya vidole vyake, virefu, vyenye haraka, visivyotulia hata vikipimwa. Alichukua akiki namba kumi na nne. Baada ya wiki chache akarudi, inabana. Fundi akampanulia. Akarudi tena, uso umemvimba, akisema hata viatu amevua.

"Nikamwambia, mtoto wa kiume huyo, anamla mama yake mzima mzima!" Mama Vidole anasimulia, na safari hii hacheki. "Tukacheka wote. Nikamwambia jiwe limekukubali, mwanangu, wewe sasa huna hofu. Nikampanulia. Akanikumbatia hapo mlangoni."

Siku tisa baadaye msusi alianguka jikoni kwake. Kifafa cha mimba. Hakufika hospitali akiwa hai, wala mtoto hakuokolewa.

Mama Vidole hakujua kisa hasa mpaka mume, seremala mpole wa maneno machache, alipokuja na ile pete. Hakuja kulaumu. Aliomba ipunguzwe irudi ilivyokuwa, aihifadhi kwa ajili ya binti yao mkubwa. Fundi akafungua daftari kutafuta namba ya mwanzo. Akaziona zote tatu kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe. Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na tisa. Wiki tano.

"Nilikuwa nimeuandika ugonjwa wake," anasema. "Mimi mwenyewe. Kwa kalamu."

Muuguzi mmoja aliyeleta hereni kutengenezwa ndiye aliyemweleza baadaye. Kwamba miguu kuvimba wajawazito wengi huipata, lakini mikono na uso vikivimba kwa ghafla, kichwa kikauma na macho yakaona nyota, huenda presha imepanda, na hapo hakuna kusubiri. Alimfundisha kubonyeza kwa dole gumba.

Tangu siku hiyo Mama Vidole hana raha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye sasa hushtuka kwa kila kidole kinene. Amewakatalia wajawazito ishirini na watatu. Watano, anavyojua yeye, walikutwa na presha kweli. Mmoja alirudi amenuna, kumbe ni mnene tu wa asili na nauli imemwendea bure. Tisa hawakurudi kabisa. Mafundi wenzake wanne wa mtaa huu husema anafukuza riziki, na si uongo. Siku nzuri zamani alimaliza pete saba, sasa akipata tatu anashukuru. Chakula cha mchana huja nacho kutoka nyumbani, na zipo siku haji nacho.

*

Mlangoni, mama mkwe ameushusha mkoba.

"Fundi, hebu tuelewane. Huyu uzazi wa kwanza tulimpoteza tukampata. Damu ilijaa beseni. Nikaapa wa pili hataingia leba bila akiki. Leo unaniambia nini?"

"Dada yangu, akiki haikatai mtu kupimwa presha."

"Pete ikibana, jiwe limemkubali. Wewe hulijui hilo? Fundi gani wewe?"

Ni neno lake mwenyewe hilo, limemrudia kwa mdomo wa mama mkwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Nalijua," Mama Vidole anasema. "Ni mimi niliyelisambaza. Ni uongo, dada. Pete ikibana, kidole kimevimba. Basi, hakuna kingine."

"Ooh! Sasa leo ndiyo uongo?"

"Mama," mwalimu anasema kwa sauti ndogo, akishika paji la uso, "kichwa kwa kweli kinauma."

Mama Vidole anachukua ule uzi wenye sabuni, anaupiga maradufu, anautia kwenye pete, anamfunga mwalimu shingoni. Jiwe linakaa chini kidogo ya koo.

"Hili hapa, halijaachwa nyumbani. Liende nanyi hospitali. Lakini nendeni."

"Tutakwenda kwa fundi mwingine," mama mkwe anasema. Anamshika mkaza mwanawe mkono na wanatoka.

Mama Vidole anawafuata hadi kizingitini. Mwisho wa mtaa kuna njia mbili. Kulia ni kwa mafundi wengine. Kushoto ni kituo cha magari ya kwenda hospitali. Wanawake wale wawili wanasimama pale, mama mkwe anaongea, mikono inakwenda huku na huku. Kisha lori la matofali linaingia na kusimama katikati, dereva akipiga honi. Linapoondoka, hakuna mtu.

"Umewaona?" anamuuliza mwandishi wa simulizi hii, aliyekuwa naye chumbani tangu asubuhi. "Wameshika njia ipi?"

Hakuna aliyeona.

*

Daftari la Mama Vidole lina namba za vidole zaidi ya elfu mbili. Halina namba ya simu hata moja. Wala halina majina, maana hakuwahi kuyahitaji. Lina "mwalimu, chekechea, akiki" na basi.

Siku ya kwanza alisema watarudi kesho. Siku ya tatu alifunga mapema, akaenda hadi geti la hospitali, akasimama upande wa pili wa barabara kwa nusu saa, akageuka.

"Ningemuulizia vipi? Niseme namtafuta mwanamke wa namba kumi na tisa?" Anasugua viganja. "Na niseme ukweli, niliogopa kujibiwa."

Siku ya sita alipita kwa mafundi wote wanne, mmoja mmoja, akiuliza kama amekuja mjamzito mwenye akiki ya ukubwa wa punje. Watatu walisema hapana. Wa nne alicheka, akasema yeye hupanua pete, haulizi mimba. Jibu hilo lilimkosesha usingizi siku mbili. Alimlehemea mteja pete ikiwa na jiwe lake bado, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na jiwe likapasuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Siku ya kumi na mbili, saa tano asubuhi, yuko mezani akisugua kidani. Kivuli kinaingia mlangoni. Ni mama mkwe, peke yake.

Mama Vidole anakitua kidani. Hasimami.

Mama mkwe anakaa kwenye stuli bila kukaribishwa. Anafungua mkoba na kutoa leso. Ndani ya leso kuna pete ya akiki, na kando yake uzi mfupi uliofungwa fundo, ukafanya duara dogo.

"Tulikwenda kulia kwanza," anasema, macho kwenye leso. "Nisikufiche. Nilikuwa na hasira. Hatukufika hata duka la pili, akatapika, akaniambia mama sioni vizuri. Nikasimamisha gari la kwanza lililopita."

"Yuko hai?"

"Walisema presha ile, saa mbili nyingine tungeongea mengine. Walimpasua siku hiyo hiyo." Anavuta pumzi. "Yuko hai. Mtoto yuko kwenye mashine ya joto. Wa kike. Kilo moja na gramu mia saba. Bado hatujatulia, fundi, kila simu ikilia tunaruka. Lakini jana amekunywa maziwa kidogo kwa kijiko."

Mama Vidole ameinamisha kichwa. Machozi yanadondokea kwenye ile ngozi chini ya meza, pamoja na vumbi la fedha.

Kisha anauchukua uzi, anauvika kwenye fimbo ya kupimia, anausukuma taratibu hadi ukome wenyewe. Anainama, anavaa miwani, anasoma.

"Kumi na nne."

"Ndiyo kidole chake cha leo asubuhi. Nimempima mwenyewe kitandani."

Anaandika. Safari hii anauliza jina, kisha namba ya simu, na anaziandika zote mbili kwa herufi kubwa.

Anao mpango sasa. Yule muuguzi wa hereni amekubali kuja Jumamosi moja kila mwezi na mashine ya presha, akae hapo hapo kwenye stuli. Na Mama Vidole atarudi kwa wale mafundi wanne, hata kwa huyo aliyecheka, awafundishe kubonyeza kwa dole gumba. Kidole kimoja hakivunji chawa, anasema. Mawe ataendelea kuyauza na maneno yake, ya lulu, ya zumaridi, hata ya amethisti na walevi wake. Moja tu amelifuta, na anajua atalifuta mpaka afe, maana bado liko mitaani linatembea.

Mama mkwe amesimama kuondoka. Mlangoni anageuka.

"Ipunguze basi, ataivaa akitoka," anasema. "Lakini isibane, fundi. Iache icheze kidogo."