Hoja ya Kumwondoa Baba

Mama yangu hajawahi kugombana na mtu bila utaratibu. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu tukianza kuvutana nywele, alikuwa anasimamisha cherehani, anauliza nani alitangulia kusema, na mwingine anyamaze mpaka mwenzake amalize. Hapo kaka ameshasahau ugomvi wenyewe, na mimi nimeshakasirika mara ya pili. Nilidhani kila nyumba iko hivyo. Nilipoolewa ndipo nilipogundua kuwa watu wengine hukatana kauli mezani na chai bado inanyweka.

Ni fundi wa sare za shule. Jengo tunalofanyia kazi lilikuwa ghala, likaja kugawanywa kwa mbao na kila chumba kikapata fundi wake: mama na cherehani yake karibu na mlango, mimi na viti vyangu vya kusukia nyuma yake, na baba, fundi saa, dirishani penye mwanga. Juu kuna ukumbi wenye mabenchi, na humo ndimo Chama cha Mafundi hukutana Jumapili alasiri. Zamani mikutano ile ilikuwa kelele tupu. Mwenye koo pana ndiye aliyekuwa na haki, na siku moja watu wazima walivunjiana benchi wakibishania zamu ya kufagia ngazi. Mama akaichukua katiba ya chama, akaisoma yote huku akipinda masketi, na mkutano uliofuata akasimama na kusema, "Kuhusu utaratibu, mwenyekiti." Tangu hapo mtu hutoa hoja, mwingine huiunga mkono, inajadiliwa, inapigiwa kura. Tangu hapo pia akaitwa Mama Utaratibu, hata na watoto wanaokuja kupimwa kaptura.

Baba alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu hana haraka. Alikuwa anaweza kuiweka saa sikioni kimya, akasikiliza, halafu akakwambia gurudumu gani limechoka. Na watu aliwasikiliza hivyohivyo. Kiti kile alikipenda. Jumapili alikuwa anapiga pasi shati lake mwenyewe, hataki msaada, na akirudi nyumbani anasimulia mkutano mzima kana kwamba mama hakuwepo.

Mwaka jana mambo yakaingia mdudu. Soli, fundi viatu, akinyoosha mkono na kuita "mwenyekiti" hadi achoke, baba anaangalia pengine. Mtu anauliza habari za taa za ngazi, anajibiwa habari za choo. Hata kule dirishani, ukimsalimia akiwa ameinama, haitikii. Watu wakasema cheo kimempanda kichwani. Mimi binti yake nilisema hivyohivyo kwa mume wangu, tena kwa hasira, maana nilikuwa nimemwamkia mara mbili asubuhi ile.

Mama naye akazidi. Kila mtu akimaliza kusema, yeye huyo, anasimama, anamgeukia baba, anatamka neno mojamoja kama anamfundisha mtoto kusoma: "Kuhusu utaratibu, mwenyekiti. Mwanachama anauliza kama taa za ngazi zitatengenezwa kabla ya mvua." Tulichoka naye. Soli alinung'unika kwamba mkutano wetu unafanyika mara mbili, kwanza na wanachama, kisha na Mama Utaratibu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Basi Soli akaja kusimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Si mtu mbaya, na hasemi mtu nyuma ya mgongo.

"Dada, usije ukasema sikukwambia. Jumapili natoa hoja mzee wako aondolewe. Kwa kiburi. Na wa kuniunga mkono wapo."

Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikaenda kwa mama. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Sawa."

"Sawa nini? Wanataka kumtoa baba mbele za watu, wamwite mtu wa kiburi, wewe unaniambia sawa?"

"Kutoa hoja ni haki ya mwanachama."

Nilirudi kwa mteja wangu. Baba bila ukumbi ule angebaki na saa za watu dirishani tu, na jina baya juu yake. Na mama, kumbe, moyo wake umeshonwa kwa katiba.

Jumapili ukumbi ulijaa. Baba alikaa kitini na shati lake lililonyooka, akafungua kikao, akauliza kama kuna hoja. Soli aliweka mikono magotini ajiinue. Kabla hajainuka, mama alikuwa ameshasimama.

Safari hii hakumgeukia baba kama desturi yake. Alitugeukia sisi, akaangalia ukuta wa nyuma juu ya vichwa vyetu.

"Natoa hoja kwamba mwenyekiti wetu aondolewe madarakani."

Niliona midomo ya mama imefunga, nikajua amemaliza kusema, na bado nilikuwa nasubiri aongeze kitu kitakachogeuza maneno yale kuwa mengine. Jirani yangu alinishika goti. Soli alibaki vilevile, nusu kakaa nusu kasimama, macho yamemtoka. Mke anamtoa mumewe, mchana kweupe, kwa utaratibu.

Mtu mmoja tu hakushtuka, naye ni baba. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama anavyomngojea mteja afungue pochi. Kwetu mwenyekiti lazima airudie hoja kwa kinywa chake ndipo aulize wa kuiunga mkono. Tukangoja airudie. Hakuirudia.

"Mwanachama," alisema mwishowe, kwa upole, "sikuipata. Nigeukie."

Mama aligeuka taratibu. Nilimwona ubavuni, kidevu kinacheza. Akaisema tena, neno mojamoja, na maneno ya mwisho hayakuwa hata na sauti. Baba hakuondoa macho kwenye mdomo wake. Tabasamu likaondoka usoni, halafu akaturudishia hoja nzima, hata yale maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba hasikii. Yale yote ya mwaka mzima, kusimama kwa mama, kurudia kwake, kutamka kwake kulikotuchosha, alikuwa anampelekea mumewe mkutano machoni.

"Kuna wa kuunga mkono?" baba aliuliza.

Hakuna mkono ulioinuka. Hata Soli aliona haya kumsaidia mwanamke kumwangusha mumewe, na nadhani alinusa mtego pia.

"Mara ya pili. Kuna wa kuunga mkono?"

Nikakumbuka kifungu ambacho mama alikuwa akitukaririsha hadi tunasinzia: hoja ikiitiwa mara tatu ikakosa wa kuiunga mkono, imekufa, na hakuna wa kuirudisha kabla ya mwaka kupita. Kumbe ndiyo sababu ya ile "sawa" yake! Alikuwa anaiua hoja ya Soli kabla haijazaliwa, na aliitumia aibu yetu kuiua. Ilibaki mara moja tu.

Baba hakuita mara ya tatu. Aliinuka, akamwashiria makamu wake, fundi redio, akae kitini, akashuka hadi benchi la mbele tulipokuwa. Akaketi kati yangu na Soli. Akanyoosha mkono.

"Naunga mkono," akasema.

"Kuhusu utaratibu!" Sauti ya mama ilipasuka. Sijawahi kumsikia hivyo, hata siku alipomzika mama yake.

Fundi redio alijikuna shingo. "Mama, wewe ndiye unayeijua katiba. Inasemaje? Mwenyekiti anaruhusiwa kuunga mkono hoja ya kujiondoa mwenyewe?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Katiba ile hakuna mwingine aliyewahi kuifungua. Angesema haruhusiwi, mambo yangeishia hapo na sote tungekwenda nyumbani. Nilikuwa namwomba moyoni aseme uongo mmoja tu maishani.

"Akishashuka kitini ni mwanachama kama wengine," mama alisema. "Anaruhusiwa."

Baba alimsoma hadi mwisho, akasimama.

"Tangu mvua za mwaka jana sisikii. Zilianza saa, nikadhani zimekufa zote. Kisha wakafuata watu. Humu ukumbini nimekuwa nasikia kwa mdomo wa mtu mmoja. Nilitaka kuwaambia mapema, mwenye mdomo akaniomba tungoje, labda masikio yatarudi. Hayajarudi. Mwenyekiti asiyewasikia ni haki yenu kumwondoa." Akamgeukia jirani yake. "Soli, ndugu yangu, sikukudharau. Sikujua kama uliniita."

Soli alijifunika uso na kofia. Mimi nililia wazi, kamasi na yote. Mwaka mzima nilimnunia mtu aliyekuwa haisikii shikamoo yangu.

Mama alifungua kinywa, na fundi redio akainua mkono, masikini, kama anaomba radhi. "Mama, ulitufundisha mwenyewe. Mtoa hoja haruhusiwi kusema dhidi ya hoja yake." Mama akakifunga. Akapita katikati ya mabenchi, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Tukapiga kura. Mikono iliinuka kwa shida, mmoja huku, mwingine kule, na watu wanaangalia sakafu. Wangu niliuinua kwa sababu mwenyewe alikuwa ananitazama. Wa Soli ulikataa, mpaka baba alipomshika kiwiko akauinua naye.

"Wanaopinga?" fundi redio aliuliza.

Nilisikia mabenchi yakilia watu wanavyogeuka nyuma, nami nikageuka. Baba hakugeuka.

"Imepita," alisema fundi redio. "Aliyepinga ni mmoja."

Baba alinivuta mkono. "Imepita?"

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikamwonyesha kidole kimoja.

"Nani huyo?"

Nikamwelekeza mlangoni. Baba alimtazama mkewe, na mkono wa mama bado ulikuwa juu. Sauti ya baba ilitoka kubwa mno, sasa hakuwa na sababu tena ya kuichunga.

"Mtoa hoja hawezi kupinga hoja yake."

Mama aliushusha mkono, akaja mbele hadi akasimama usoni pake. Akamtamkia polepole, mbele ya chama kizima, ili asikose hata neno.

"Kusema siruhusiwi. Mkono ni wangu."

Baba aliusoma mdomo ule hata baada ya kunyamaza. Kisha akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.