Uso Niliouazima kwa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na uso unaochoreka. Mashavu yamebonyea, shingo ndefu, na ile mikunjo miwili kando ya mdomo ambayo hata akinyamaza inaonekana kama inataka kusema kitu. Alikuwa anachoma mishikaki karibu na mpaka wa Rwanda na Kongo, njia ya watu wanaokwenda na kurudi Bukavu, na kila alipogeuza nyama moshi ulimpanda puani, akakohoa mara mbili tatu. Hakuna aliyejali. Akina mama wa biashara walimwambia tu aongeze pilipili.

Mimi nilisoma hadi mwaka wa tatu wa sekondari, basi. Kuchora nilifundishwa na kitabu kilichokosa jalada, nilichokipata kwenye rundo la vitabu vikuukuu sokoni Kamembe. Kilikuwa cha Mwingereza mmoja mchoraji wa hadithi za picha, akisimulia maisha yake ya kazi: alivyoanza kwa kuandika maneno tu, yale yanayotoka midomoni mwa wahusika, akapanda hadi kupewa kurasa zake mwenyewe gazetini kila wiki. Nilikisoma polepole, simu mkononi inanitafsiria. Sehemu niliyoipenda zaidi ni pale anaposema hakubuni nyuso. Alichora muuza nyama wa mtaani kwao, alichora shangazi yake, hata baba yake alimfanya jambazi. Wenyewe walifurahi, wakanunua gazeti na kuonyeshana. Nikajiambia nami siku moja nitakuwa hivyo, kitabu changu kikae dirishani kwenye duka la huko kwao, wapita njia wasimame kutazama watu wa kwetu Rusizi. Niliota hayo hata nikitembea, nusura nigongwe na pikipiki.

Mjomba ndiye aliyeninunulia kalamu ya wino ya kwanza. Kila Jumapili alikuja kwetu, akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akaelekeza uso kwenye mwanga, nami nikachora.

Kazi ya kwanza ikaja. Kikundi kimoja kinachofundisha mambo ya afya kilitaka karatasi ya picha nne kuhusu kifua kikuu: mtu anakohoa, anakonda, anakwenda kupimwa, anapona. Sikufikiri mara mbili. Nilimpa mgonjwa uso wa mjomba. Yeye mwenyewe alipouona alicheka, akanipiga begani. Karatasi zikachapwa, zikasambazwa hadi Gitambi na Nzahaha. Shida ni kwamba zilikunjwa, na upande uliobaki nje ulikuwa picha ya kwanza, ile ya kukohoa. Picha ya kupona ilikuwa ndani.

Wiki ya pili wateja walianza kupungua. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakula pale kila siku alisimama mbali, akamtazama mjomba akikohoa kwa moshi, akamtazama tena, kisha akaenda kununua mandazi. Watoto wa njiani wakawa wanamwita Papa Kifua. Alikwenda kupimwa, akakutwa mzima, lakini cheti utamwonyesha nani wakati mtu ameshapita?

Kusema kweli nililia. Kisha nikapata wazo, maana mimi mawazo hayaniishi. Wiki nzima nilizunguka kwa miguu kwenye vituo vya afya, hadi kule Mibirizi, na kalamu ileile aliyoninunulia. Niliomba karatasi zilizobaki, nikamwekea mgonjwa ndevu, moja baada ya nyingine, hadi vidole vikafa ganzi. Muuguzi mmoja alinicheka, halafu akanipa kiti.

Nilirudi Kamembe na moyo mwepesi, kumbe karatasi zenye ndevu zilikuwa zimenitangulia. Nilimkuta mjomba amesimama nyuma ya makaa, na mbeba mizigo mmoja anamwambia mbele ya watu, "Mzee, ndevu ulinyoa lini? Ama ugonjwa ndio ulizikata?"

Watu wakacheka. Mjomba naye alicheka kidogo, ndipo moshi ukamkamata, akakohoa, na kicheko kikaisha.

Siku hiyo alizima moto nyama haijaisha. Nilimwomba anisamehe. Alifuta mikono kwanza, kidole kimoja kimoja.

"Ulinichora muzuri sana, kijana yangu," akasema. "Ungekuwa hujui kuchora, leo ningekuwa bado nauza."

Sasa anapakua magunia ya mpunga Bugarama, na jiko ameshaliuza. Kile kikundi kilinipa kazi ya pili, ya kunawa mikono, kisha kikanirudishia michoro. Walisema nyuso zote zinafanana kama mayai, hakuna mtu ndani.

Jumapili iliyopita nilimsimulia mjomba hayo, nikidhani ninamchekesha. Alivuta kigoda hadi dirishani, akakaa, akaelekeza uso kwenye mwanga bila kuambiwa. Nikachukua kalamu. Nilichora kigoda. Nikachora shati, nikachora mikono yake iliyochubuka, kila mshipa.

"Na uso?" akauliza.

Nikamwambia mwanga umepungua. Ilikuwa saa sita mchana.