Mkeka Ulioacha Kuteleza

Ukimpelekea Mama Pindo suruali akuongezee kiuno, kwanza atakutazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, halafu atakuambia, "Suruali iko palepale ilipokuwa mwaka jana. Aliyehama ni wewe." Utacheka tu, na suruali utaiacha. Kila mtu huiacha.

Jina la Mama Pindo alipewa na wazazi wa watoto wa shule. Akishona sketi ya mtoto huacha kitambaa kingi kwa ndani, akakikunja mara mbili, ili mtoto akirefuka pindo lishushwe na sketi iendelee. Anaishi chumba cha chini katika nyumba tunayopanga, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, na cherehani yake iko pale dirishani. Nyuma yake kuna pazia zito la maua, na nyuma ya pazia kuna kitanda. Mchana kitandani hulala mume wake, mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji. Sisi tunamwita Bundi, na mwenyewe anaitika.

Mama Pindo ana ugonjwa mmoja ambao wateja wake wote wanaujua na bado wanarudi. Hawezi kumwambia mtu hapana usoni. Aje mtu jioni na kitambaa, anataka gauni kesho asubuhi, Mama Pindo atasema, "Lete, mwanangu, tutaliona." Asubuhi gauni halijaguswa. Mwenye gauni akionekana anavuka barabara, Mama Pindo anaingia nyuma ya pazia, na Bundi wa watu anatoka na macho yake mekundu kusema, "Ametoka." Bundi akiwa hayupo nilikuwa nasema mimi. Nilikuwa nasimama mlangoni na kusema ametoka, hajasema anarudi saa ngapi, huku namsikia nyuma ya pazia anakata uzi kwa meno. Mteja akishaenda tulikuwa tunacheka mpaka tunashikana mabega.

Ndivyo tulivyokuwa. Mimi naishi chumba cha juu yake. Nilipohamia hapa na mume wangu nilikuwa nimejifungua siku si nyingi, mama yangu yuko mbali, na hata kumwogesha mtoto nilikuwa naogopa, namshika kama yai. Mama Pindo alipanda ngazi na beseni lake mwenyewe. Akakunja mikono, akanionyesha namna ya kuegemeza kichwa cha mtoto kwenye kiwiko. Tangu hapo nikawa namwita Mama, na sikuwa namwita kwa mazoea tu.

Mtoto huyo ndiye Chiriku. Jina lake la kweli tunalitumia shuleni na hospitalini. Nyumbani ni Chiriku kwa sababu hanyamazi. Alinyamaza mara moja tu, alipoanguka kwenye bembea akavunjika mguu. Walimfunga plasta, mguu ukaunga, plasta ikatolewa. Ukatoka mguu mwembamba, mweupe wa vumbi la plasta, na Chiriku akakataa kuukanyagia. Alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta. Yule bwana wa mazoezi hospitalini aliuminya mguu, akaukunja, akaukunjua, akaniambia, "Mfupa hauna tatizo, dada. Mtoto anaogopa. Mtafutie mchezo utakaomsahaulisha kwamba ana mguu. Usichelewe, mguu usije ukazoea kubaki hivyo."

Kaka yangu anauza vyombo vya umeme vilivyotumika. Akaniletea mkeka wa gemu. Ni kitu cha plastiki laini, upana wake kama kitanda cha mtoto, kimechorwa mishale, kina waya unaochomekwa kwenye tivii. Muziki unapiga, mishale inapanda kwenye tivii, na wewe unakanyaga mshale kama ule unaouona. Siku ya kwanza Chiriku alikaa chini akawa anaigonga mishale kwa viganja. Baadaye akasimama. Halafu siku moja nilikuwa namenya viazi, nikainua macho, nikamwona anakanyaga mshale kwa mguu ule mbovu. Hakujua. Niliweka kisu chini polepole, sikusema kitu, nisije nikamkumbusha.

Tatizo likawa sakafu. Chumba chetu kina vigae, na mimi sipendi vumbi, kila siku napiga deki. Mkeka ulikuwa unateleza. Chiriku anaanzia mbele ya tivii, wimbo ukiisha yuko karibu na mlango, na mkeka umejikunja kama jani kavu. Siku moja ulichomoka chini yake akaanguka kwa makalio. Hakuumia, lakini kuanzia hapo mguu ule akawa anautanguliza kidole tu, kama mtu anayepima maji ya kuoga.

"Mama, sakafu inakimbia," aliniambia.

Tulijaribu kila kitu. Utepe wa gundi ulishika kidogo, kisha ukabanduka na kuacha alama nyeusi nisizoweza kuzisugua. Nikatandika kitambaa kibichi chini yake, ukateleza zaidi. Baba Chiriku akaweka miguu ya viti juu ya pembe za mkeka, mtoto akawa anajigonga magoti. Akauosha mgongo wa mkeka kwa sabuni, ukashika vizuri mpaka vumbi lilipoingia tena.

Nikaukunja, nikashuka nao kwa Mama Pindo.

Aliugeuza, akausugua kwa dole gumba kama anavyopima kitambaa. "Huku nyuma ni laini kama shavu la mtoto," alisema. "Utashika wapi? Huu hauna uzito, mwanangu. Unataka kupewa uzito."

Akavuta ubao uliokuwa nyuma ya mlango. Ni ule aliokuwa akikatia vitambaa zamani, kabla hajapata meza. Ulitosha kama vile mkeka na ubao vilipimwa pamoja. Tukakata soli za kandambili kuukuu, tukazigandisha kwenye pembe za ubao kwa chini, ili ushike kwenye vigae. Kisha akaupapasa mkeka ukingoni mwote, akitafuta mahali pasipopita waya, akashona lastiki kwenye kila pembe. Ubao ukauvaa mkeka kama godoro linavyovaa shuka. Ubao wenyewe ukawa hauonekani tena.

Mume wangu aliupandisha juu. Niliusukuma kwa mguu, haukwenda. Chiriku akapanda, akangoja wimbo, akaanza na kidole. Kabla wimbo haujaisha alikuwa anakanyaga kwa unyayo mzima, kwa nguvu, na mdomo wake unaenda kama kawaida yake, "Kulia, kushoto, mbele, mama umeona, mama hukuona, tazama tena."

Alikuwa anacheza akitoka shule, mchana. Nilimuuliza Mama Pindo, "Mama, hatuwasumbui huko chini?"

"Hata kidogo. Mtoto akicheza nyumba inachangamka."

"Na Bundi je?"

"Bundi? Yule akilala hata umwimbie sikioni."

Sikumuuliza mara moja tu. Nilikuwa namuuliza kila nikikumbuka, na jibu lilikuwa lile lile, na lilikuwa na kicheko. Asubuhi nilikuwa nampelekea habari za mguu: leo karuka, leo kashuka ngazi bila kushika ukuta. Alikuwa anaacha kushona ili anisikilize.

Halafu akaja msimamizi wa nyumba. Alisimama mlangoni na rundo lake la funguo, hakuingia. Chiriku alikuwa shuleni.

"Dada, ule mchezo wa mtoto utolewe. Kuna malalamiko. Mkishindwa kuutoa, mwenye nyumba atataka chumba chake."

"Nani amelalamika?"

"Malalamiko ni malalamiko."

Nikawaza jirani wa mkabala, ambaye watoto wakicheka tu anafunga dirisha. Nikaanza kujitetea: mtoto anatibiwa mguu, na mkeka ni plastiki tu, una kelele gani?

"Si mkeka," alisema. "Mkeka hauna neno. Ni ule ubao wa chini yake, wenye soli za kandambili kwenye pembe. Umeinuka kidogo, ndani pako wazi. Unapiga kama ngoma."

Nilitazama nyuma. Kutoka pale aliposimama, kilichoonekana ni mkeka na mishale yake. Ubao ulikuwa umeuvaa mkeka, na soli ziko chini ya ubao. Mtu hawezi kuziona bila kuinua kitu kizima. Zilikuwa zinajulikana na mimi, na mume wangu, na Mama Pindo tu.

"Nimesikia, kaka," nilimwambia. Nilishika fremu ya mlango mpaka funguo zake zikaacha kulia kwenye ngazi.

Sikushuka muda ule. Nilisubiri Chiriku arudi, nikampa chakula, nikamwacha acheze kama kawaida. Wimbo ulipoanza ndipo nikashuka.

Mama Pindo alikuwa anashona kola. Nami nikasikia, kwa mara ya kwanza, kile alichokuwa anakisikia yeye kila siku. Hazikuwa nyayo za mtoto. Ilikuwa kama watu wanahamisha makabati juu ya kichwa chako na hawajui wayaweke wapi. Pini zilikuwa zinatetema kwenye kopo lake. Nyuma ya pazia kitanda kililia, Bundi akageuka, akashusha pumzi ndefu ya mtu ambaye hata hajaribu tena kulala.

Mama Pindo aliniona ninavyosikia. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

"Mama, umekwenda kwa msimamizi," nilisema.

"Nani kakuambia?"

"Kaniambia habari ya soli za kandambili."

Akakata kwa meno uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Juu Chiriku alibadilisha wimbo.

"Huyu mzee alisinzia kazini," alisema taratibu. "Meneja akamkuta. Wamemwambia akirudia hana kazi. Na kweli halali, mwanangu. Mchana wote yuko macho anahesabu dari."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia kwa mdomo upi? Kila asubuhi unakuja hapa, Mama, leo karuka, Mama, leo kashuka ngazi. Nikuambie msimamishe mtoto?"

"Kwa mdomo huo huo ulioniambia hatuwasumbui."

Alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. "Nilidhani atasema tu kwa jumla, watu wa juu wapunguze kelele. Sikumtuma awatishe na chumba."

"Na soli?"

"Aliuliza kelele zinatoka wapi hasa."

"Mama, Bundi jioni anakwenda kazini. Ungesema neno moja, mtoto angecheza jioni. Saa tu ndiyo ingebadilika."

"Nilijua ungekubali."

"Sasa?"

Alitazama mikono yake. "Kuomba siwezi. Wewe unanijua."

Nilikuwa namjua. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba namjua vizuri kiasi kile. Miaka yote nilikuwa nyuma ya pazia pamoja naye, nikiwacheka wale wanaoambiwa ametoka. Haikunipitia akilini kwamba siku moja atanitazama kutoka dirishani ninavuka barabara, aingie ndani, na atume mwanamume na funguo zake aje aniambie kwamba hayupo.

Nikapanda juu. Nilimwambia Chiriku apumzike. Baba yake aliporudi nilimweleza, akasema, "Labda aliona aibu." Nikamwambia aibu yake imekaribia kutuhamisha. Tukazichomoa lastiki za mkeka, pembe moja baada ya nyingine, akaushusha ubao akauegemeza mlangoni kwao. Kwa msimamizi nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia ubao umetoka, mtoto atacheza jioni tu, chumba cha chini kikiwa hakina mtu aliyelala. Akasema hilo halina neno, kama mngesema mapema nisingepanda ngazi.

Siku hizi tunacheza jioni. Mkeka uko kwenye vigae vitupu. Napiga magoti mbele yake, pembe mbili nazikalia kwa magoti, ukingo naushika kwa mikono. Unanivuta huku na huku. Kisigino cha Chiriku kinatua karibu na vidole vyangu, na mara nyingine juu yavyo. Anaomba samahani bila kuacha kucheza. Mguu umeanza kujaa nyama.

Jioni moja mlango ukagongwa. Alikuwa Bundi, amevaa koti lake la kazi, amekumbatia ubao. Usingizi umemrudia, uso wake umekuwa wa mtu mwingine.

"Mama yenu amesema mimi nikishatoka muutumie," alisema. "Amesema na soli ameweka mpya."

"Yeye yuko wapi?"

Alifungua mdomo, nikaona neno lile la siku zote linakuja. Akalimeza. "Yupo," alisema. "Yupo chini hapo."

"Shikamoo yangu mpelekee, baba. Na umwambie ngazi ni zile zile, aje nao mwenyewe."

Alisimama kidogo, akatikisa kichwa si kwa kukataa, akageuka na ubao wake. Nilimsikia anashuka polepole, ubao unagonga ukuta kwenye kona. Nikasikia mlango wa chini unafunguliwa, na sauti zao mbili, kisha ya mmoja tu.

Nilingoja. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya mkeka, mguu mmoja hewani, ule ule mbovu, anatazama mlango na mimi.

"Mama, anakuja?"

Ngazi zilikuwa kimya. Nikarudi nikapiga magoti, nikashika ukingo.

"Cheza," nilimwambia.