Kaka kawajibu matapeli kwa niaba yangu

Leo nyaraka za kiwanja changu cha Kagongwa zimetua mikononi mwa wezi.

Jamani, sina barua pepe. Kwenye fomu ya kampuni iliyoniuzia kiwanja niliandika ya kaka yangu, mwalimu kule Mwadui. Yeye ndiye anayenitunzia nakala za nyaraka zangu.

Asubuhi kanipigia kwa furaha. "Mama Kulwa, hati inakuja! Nimewatumia mkataba na kitambulisho chako."

"Umewatumia akina nani?"

"Kampuni. Wameniandikia barua pepe kuziomba, wametaja majina yako matatu, namba ya kiwanja, hadi ukubwa wake, mita za mraba 612."

Nikakimbilia ofisini kwao. Dada wa mapokezi kainamisha uso. "Taarifa za wateja ziliibwa, mama. Tuliwaandikia wote tahadhari."

Nikampigia kaka. Akasema: "Ile ya 'Ndugu mteja'? Niliifuta. Haikuwa hata na jina lako, nikajua ndio matapeli."

Miaka minane ya kuuza mchele iko kwenye zile mita.

Sasa niko kwa mtendaji wa kata, ambaye ni mgeni hapa na hanijui. Nimemwomba asigonge muhuri mauzo yoyote ya kiwanja hicho.

Kazitazama karatasi zangu, kanitazama mimi.

"Na wewe, mama, nitajuaje kuwa siyo wewe tapeli?"

Ndugu zangu, nimjibu nini?